Kabla ya tiketi, uliza ukumbi unachukua watu wangapi

Kila mwaka, mwezi Machi, katika jiji la St. Louis, jimbo la Missouri nchini Marekani, hukutana watu ambao riziki yao ni kutisha wenzao. Katika maonyesho yao ya biashara, yanayoandaliwa na kampuni ya TransWorld, huuziana mafuvu ya plastiki, maiti za mpira, vinyago vya mazimwi, mashine za moshi, taa za kumwekamweka na mitambo inayochomoza ghafla gizani. Wanunuzi ni wenye nyumba za kutisha, yaani majengo ambayo mteja hulipa kiingilio, akapita chumba baada ya chumba gizani huku akishtuliwa, hasa katika wiki zinazoelekea sikukuu ya Halloween, tarehe 31 Oktoba. Kwao ni biashara kubwa. Kwetu bado ni mambo ya sinema, ingawa siku hizi baadhi ya hoteli na kumbi za Nairobi na Dar es Salaam nazo hutangaza usiku wa vinyago mwishoni mwa Oktoba.

Mimi filamu za kutisha huzizima kabla hazijafika nusu, kwa hiyo siandiki kwa hamu ya mazimwi. Kinachonivuta ni namna watu hawa wanavyosimamia wageni wao. Maonyesho yale si ya kila mpita njia. Ni ya wafanyabiashara: unajiandikisha kwa jina, unathibitisha kwamba uko katika kazi hiyo, unapewa kitambulisho cha kuvaa. Mwandaaji anajua nani ameingia na wameingia wangapi. Na ukumbi wenyewe, kama kumbi nyingine za mikutano za nchi ile, una idadi ya juu ya watu iliyowekwa kisheria.

Inashangaza kidogo. Watu wanaojua kuliko wote jinsi ya kumfanya binadamu apige yowe na kutimua mbio ndio waliojifunza kuhesabu vichwa na kulinda milango. Hawakujifunza kwa hiari.

Jioni ya tarehe 11 Mei 1984, nyumba ya kutisha iliyokuwa ndani ya bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure, jimbo la New Jersey, ilishika moto. Ilijengwa kwa trela za mizigo zilizounganishwa pamoja, na ndani mlikuwa na vifaa vinavyowaka kwa urahisi. Hapakuwa na vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto wala vitambua moshi. Kwa maelezo ya shahidi mmoja, kijana aliwasha kiberiti cha gesi ili aone njia gizani, mwali ukagusa sponji iliyokuwa ukutani. Vijana 8 walikufa.

Mzazi na afikirie hali ya ndani ya jengo lile. Njia zimepindwa makusudi ili mtu apotee. Giza ni la makusudi, na kelele vilevile. Moshi wa kweli ukiingia, anayeuona kwanza atadhani ni wa mashine. Anayeita msaada atadhaniwa anafurahia kiingilio chake.

Baada ya moto ule, kanuni za usalama wa moto za Marekani ziliyawekea majengo ya aina hiyo masharti yake. Lazima yawe na vinyunyizio. Lazima yawe na vitambua moshi, na kitambuzi kikishtuka, taa ziwake na kila sauti na kila mchezo wa kuchanganya watu vizimike papo hapo. Sharti hilo la mwisho nalipenda sana. Linamtaka mwenye biashara awe tayari kuikata burudani katikati, watu wakiwa wameshalipa.

Sasa nieleze kwa nini daktari wa wagonjwa anahangaika na milango.

Magazeti yetu, hili likiwemo, huandika kwamba watu "wamekufa kwa kukanyagana". Msomaji anapata picha ya watu wanaokimbia ovyo na wengine walioanguka chini ya miguu. Hutokea. Lakini wengi wanaokufa katika msongamano hawakukanyagwa na mtu. Wamekufa kwa kukosa pumzi, na baadhi yao wamekufa wakiwa wima.

Pafu halijivuti lenyewe. Hufunguka kwa sababu mbavu hutanuka kwenda nje na msuli wa kiwambo, ulio chini ya mbavu, hushuka. Mtu akibanwa mbele na nyuma kwa uzito wa makumi ya watu, mbavu haziwezi kutanuka. Anatoa pumzi ili apige kelele, halafu hawezi kuivuta nyingine. Oksijeni inashuka katika damu, anazimia, na kwa kuwa amebanwa hana pa kuangukia, kwa hiyo aliye karibu naye hajui. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Mtoto ana hatari zaidi. Mbavu zake ni laini, na kimo chake kinaweka uso wake kwenye matumbo na migongo ya watu wazima, mahali ambapo hata hewa iliyopo haimfikii.

Haya yote hayahitaji hofu wala vurugu. Yanahitaji hesabu kuzidi. Watu wawili katika kila mita moja ya mraba hutembea bila shida. Wakifika wanne, mwendo unakuwa wa kusuasua. Wakivuka watano au sita, mtu hana tena uamuzi juu ya mwili wake: umati unayumba kama maji katika ndoo, na yeye anayumba nao.

Ndicho kilichotokea Seoul, Korea Kusini, usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022, vijana walipofurika mtaa wa Itaewon kusherehekea Halloween. Palikuwa na kichochoro cha mteremko chenye upana wa mita 3 na kidogo. Hapakuwa na moto wala bomu. Hapakuwa hata na nyumba ya kutisha. Watu 159 walipoteza maisha. Simu ya kwanza ya kuwaonya polisi kwamba watu watabanana hadi kufa ilipigwa saa 12 na dakika 34 jioni. Maafa yalianza yapata saa 4 na robo usiku. Katikati ya hapo zilipigwa simu nyingine kadhaa. Hakuna mwandaaji aliyeuza tiketi usiku ule, kwa hiyo hakuna aliyejiona ana wajibu wa kuhesabu.

Kuhesabu si utaalamu wa kutisha. Kanuni za Marekani hukadiria kwamba mtu mmoja, katika ukumbi wa mkusanyiko usio na viti vya kudumu, apewe nafasi ya mita za mraba 0.65. Chukua ukumbi wa kawaida wa mtaani kwetu, upana mita 12 na urefu mita 15. Ni mita za mraba 180. Toa jukwaa, spika, meza ya soda na pembe lililojaa viti vilivyopangwa juu ya vingine, tuseme 40. Zimebaki 140. Gawanya kwa 0.65 utapata watu 215. Hao ndio ukumbi unawachukua.

Njoo kwenye mlango. Kanuni hizohizo hutaka kila mtu aliyemo ndani awe na milimita 5 za upana wa njia ya kutokea. Mlango wa sentimita 90 unatosha watu 180 tu. Kwa hiyo watu 215 hawawezi kutegemea mlango mmoja, na isitoshe milango lazima iwe angalau miwili, tena isikae upande mmoja, maana moto hauchagui pa kuanzia. Februari 2003, klabu ya usiku katika jimbo la Rhode Island ilishika moto kwa fataki za wanamuziki. Watu wengi walikimbilia mlango waliouingilia, kama binadamu yeyote anavyofanya, ingawa palikuwa na milango mingine. Walikufa watu 100. Tangu hapo Wamarekani wamekaza pia sharti la kuwepo wasimamizi wa umati waliofunzwa, msimamizi mmoja kwa kila watu 250.

Sasa rudi kwenye ukumbi wetu wa mita 12 kwa 15 siku ya sikukuu, mwandaaji ameuza tiketi 600. Ni zaidi ya watu 4 kwa kila mita ya mraba kwa wastani, lakini watoto hawajipangi kwa wastani. Muziki ukipigwa wanasogea jukwaani, na pale mbele wanakuwa 6 au 7.

Wenye nyumba za kutisha wana hesabu nyingine ambayo naiona ya thamani hata kwa foleni ya kliniki. Wanaingiza watu kwa makundi madogo, kwa zamu. Ukiingiza kundi la watu 8 kila dakika, na safari ya ndani ikachukua dakika 20, basi wakati wowote ndani mna watu 160. Mwenye tamaa akiingiza kundi kila nusu dakika, ndani mnakuwa na watu 320, na jengo halijaongezeka hata tofali. Mapato yameongezeka mara mbili na hatari pia. Kijana anayesimama mlangoni na saa yake, akimwambia mteja asubiri kidogo, ndiye anayeamua kama watu wa ndani watapata pumzi. Mara nyingi ndiye analipwa kidogo kuliko wote.

Kuna jambo lingine, nitalipita haraka. Orodha ya majina inasaidia hata baada ya maonyesho kwisha. Mwaka 1999, huko Bovenkarspel, Uholanzi, wageni wa maonyesho ya maua waliugua nimonia kali ya bakteria aina ya Legionella, iliyosambaa kwa mvuke wa mabeseni ya kuogea yaliyokuwa yakionyeshwa kwa wanunuzi. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wakiwa wamesharudi makwao. Ugonjwa unapojitokeza wiki moja baadaye, mganga anayejua nani alikuwepo anaweza kumtafuta. Asiyejua anasubiri wafike wenyewe wodini. Na yeyote anayetumia mashine ya kunyunyiza ukungu wa maji kwenye sherehe aisafishe, asiache maji yakilala ndani yake.

Wagonjwa wenyewe huniuliza swali jingine: daktari, naweza kwenda? Au mama huuliza kuhusu mwanawe.

Wenye kifafa kwanza. Taa zinazomweka kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde zinaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Ni wachache, takriban 3 katika kila wagonjwa 100 wa kifafa, na zaidi ni watoto na vijana. Desemba 1997 nchini Japani, katuni moja ya televisheni yenye mimweko ya rangi nyekundu na buluu ilipeleka watoto zaidi ya 600 hospitali jioni moja. Si wote walipata degedege, lakini waliopata walikuwamo. Mtoto akianza kujisikia vibaya mbele ya taa hizo, afunike jicho moja kwa kiganja na ageuke. Kufumba macho pekee hakutoshi, maana mwanga hupenya kope. Hata hivyo, kwa ninavyoona kliniki, mtoto anayeanguka siku ya sikukuu mara nyingi hakuangushwa na taa. Ameangushwa na dozi ya jioni iliyosahauliwa na usingizi ulioanza saa 8 usiku. Vidonge viende naye mfukoni, na arudi mapema.

Hapa nina wasiwasi wa pekee. Katika nyumba ya kutisha, mtu anayeanguka na kutetemeka, mate yakimtoka, anafanana kabisa na waigizaji. Wateja wanaweza kupiga makofi. Kwetu hakuna waigizaji, ila tuna kosa letu: tutasema amepandwa na jini, tutamtafutia shekhe au mchungaji, na kuna atakayemwekea kijiko mdomoni. Usiweke chochote mdomoni. Sogeza watu, weka nguo laini chini ya kichwa, mlaze ubavu mate yatoke, tazama saa. Ikipita dakika 5 bado anatetemeka, au akirudia kabla hajapata fahamu, ni gari na hospitali. Ndiyo maana mwandaaji anatakiwa awe na mtu mmoja aliyefunzwa huduma ya kwanza, na awe na uwezo wa kuzima muziki na kuwasha taa zote kwa neno moja.

Mwenye pumu asiingie kwenye moshi wa mashine bila pampu yake ya kuvuta mfukoni, na kifua kikianza kubana atoke, asingoje wimbo uishe. Ule moshi mzito unaotambaa sakafuni hutengenezwa wakati mwingine kwa barafu kavu, ambayo ni gesi ya kaboni dioksaidi iliyogandishwa. Katika chumba kidogo kisicho na madirisha, gesi hiyo husukuma hewa safi na kukaa chini, kwenye kimo cha mtoto.

Mgonjwa wa moyo ambaye dawa zake zimetulia, anayepanda ngazi bila maumivu, huniona mkali bure ninapomkataza kushtuliwa. Simkatazi wote. Ninaowakataza ni waliopata shambulio karibuni, wenye presha isiyoshikika, na familia zenye hitilafu ya kurithi ya umeme wa moyo, ambao mlio wa ghafla, hata kengele ya saa ya kuamkia, unaweza kuvuruga mapigo yao. Kama kuna mtoto katika ukoo aliyewahi kuzimia aliposhtuliwa au alipokuwa akiogelea, au ndugu kijana aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana, omba kipimo cha ECG. Ni kipimo kisicho na maumivu, na huchukua dakika chache.

Watoto walio chini ya miaka 6 au 7 waacheni nyumbani. Akili yao bado haitenganishi vizuri kinyago na zimwi, hata ukimwonyesha kamba za kinyago hicho. Utalipa kiingilio mara moja, halafu utaamka naye usiku mwezi mzima.

Sasa tuje kwetu. Oktoba 2008, siku ya Idd-el-Fitri, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko mjini Tabora. Walikwenda kwenye disko toto wakiwa na nguo mpya. Hapakuwa na vinyago wala mitambo ya kutisha. Palikuwa na watoto wengi kuliko hewa. Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi wakitoka kwenye ibada uwanjani, na siku mbili baadaye, huko Kakamega nchini Kenya, wanafunzi 14 wa shule ya msingi walikufa kwenye ngazi wakitoka darasani. Ukumbi, uwanja na shule havifanani. Mlango mwembamba na idadi isiyojulikana vilikuwepo kote.

Tangu Tabora, kila sikukuu ikikaribia, makamanda wa polisi wa mikoa mbalimbali hutangaza kwamba disko toto ni marufuku. Naelewa kwa nini. Wameona miili ya watoto, nisingependa kuwa mahali pao. Lakini marufuku ya sikukuu haifundishi mtu kuhesabu. Watoto wanataka kucheza siku ya Idi na siku ya Krismasi; wakikosa ukumbi wenye kibali watakwenda ufukweni bila mtu mzima, au kwenye uwanja wa maonyesho, au kwenye banda lililofungwa turubai ambalo hakuna mkaguzi aliyelifikia. Na marufuku ikiisha, ukumbi unafunguliwa tena ukiwa na mlango uleule mmoja, na wa pili ukiwa umefungwa kwa kufuli ili wasiolipa wasipenye.

Kufuli hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko kinyago chochote cha St. Louis. Nimeiona katika kumbi za harusi, za mahafali, hata za semina za afya. Mwenye ukumbi ana sababu zake: wezi, wadandiaji, watoto wanaotoka na kurudi. Kama anaogopa wadandiaji, amweke mtu pale. Kijana mmoja wa kukaa mlango wa nyuma jioni moja halipwi zaidi ya tiketi chache.

Ninachokiomba kwa halmashauri na kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni kitu kidogo kinachoweza kufanyika kabla ya sikukuu ijayo. Kila ukumbi unaopewa kibali upimwe kwa futi kamba, na idadi ya juu ya watu iandikwe kwa rangi juu ya mlango wa mbele, kwa tarakimu kubwa ambazo hata mtoto wa darasa la pili anazisoma. Mwandaaji asichapishe tiketi zaidi ya namba hiyo. Mlangoni awepo mtu wa kuhesabu wanaoingia na wanaotoka, na ukumbi ukijaa, wanaofuata wangoje nje mpaka wengine watoke, kama wanavyongoja wale wa nyumba za kutisha.

Na mzazi, ukifika na mwanao, soma namba iliyo juu ya mlango. Kisha zunguka nyuma ya ukumbi usukume ule mlango wa pili. Usipofunguka, rudi na mtoto nyumbani, hata kama tiketi imeshalipiwa na analia.